Tepu ya terabaiti 6.25 inayojaa ikifika 2.5: mwongozo kamili wa kukadiria bekapu ya tepu

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia seva za ofisi moja inayotengeneza vipindi vya video. Tulikuwa na kama terabaiti 5 za picha za kamera za kuweka kwenye tepu. Nikaangalia kasha la LTO-6 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhia data za kompyuta, 6 ni kizazi chake), nikaona 6.25 TB, nikaomba fedha za tepu moja. Saa tisa usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili, draivu ikaitema tepu na kuomba nyingine. Kazi haikuwa imefika hata nusu. Jumatatu bosi akalichukua lile kasha, akaligeuza mkononi, akaniuliza, "Kijana, hapa pameandikwa sita nukta ngapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Leo ninalo, na huu mwongozo ndio jibu lenyewe. Nimeuandika kwa anayetumia tepu za LTO, kwa sababu ndizo zilizobaki sokoni kwa ofisi nyingi. Amri nilizoweka ni za Linux, lakini hesabu ni zilezile hata kama programu yako ya bekapu inakaa kwenye Windows.

Hatua ya 1: Tafuta nambari ndogo kwenye kasha

Kila tepu ya LTO ina nambari mbili. Ya kwanza ni ujazo halisi, yaani baiti zinazoingia kwenye utepe wenyewe. Ya pili ni makisio: watengenezaji wamechukulia kwamba data yako itabanika kwa uwiano fulani, wakazidisha. Hii ya pili ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa.

Ujazo halisi kwa vizazi utakavyokutana navyo ni huu:

LTO-4 (2007): GB 800
LTO-5 (2010): TB 1.5
LTO-6 (2012): TB 2.5
LTO-7 (2015): TB 6
LTO-8 (2017): TB 12
LTO-9 (2021): TB 18

Hadi LTO-5 makisio yalikuwa 2:1, kwa hiyo 1.5 ikaandikwa 3. Kuanzia LTO-6 wakahamia 2.5:1. Tazama hilo lilivyofanya: kutoka LTO-5 kwenda LTO-6 utepe wenyewe uliongezeka kwa theluthi mbili tu, kutoka 1.5 hadi 2.5, lakini nambari kubwa kwenye kasha ikaruka kutoka 3 hadi 6.25, zaidi ya mara mbili. Sitasema wamedanganya. Draivu za LTO-6 kweli zilipewa uwezo mkubwa zaidi wa kubana, nitaeleza chini. Ila uwezo huo unategemea data yako ilivyo, na aliyechapisha kasha hajawahi kuiona.

Kanuni yangu tangu siku ile ya bosi: oda ya tepu inaandikwa kwa nambari ndogo. Mbano ukipatikana, ni bahasha ya juu.

Hatua ya 2: Hakikisha unahesabu kwa terabaiti moja

Watengenezaji wa tepu huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili. Windows, na amri kama `du -h` kwenye Linux, huhesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo "T" yao ni baiti 1,099,511,627,776. Tofauti inakaribia asilimia 10. Tepu ya 2.5 TB kwa kipimo cha kompyuta ni 2.27, ya 12 ni 10.9, na ya 18 ni 16.4. Watu wengi hupiga simu kulalamika kwamba tepu ina kasoro, kumbe wanasoma rula mbili.

Njia ya kuepuka fujo hiyo ni kupima data kwa baiti tupu:

`du -s --apparent-size -B1 /data`

Gawanya jibu kwa trilioni moja, basi.

Hatua ya 3: Pima data yako inabanika kiasi gani

Hapa ndipo pa kukaa.

Kwanza, jambo ambalo hakuna programu wala draivu italikwepa. Huwezi kubana kila kitu. Chukua mafaili yote yenye biti 3: yako 8, kuanzia 000 hadi 111. Sasa hesabu mafaili yaliyo mafupi kuliko hayo: ya biti 2 yako manne, ya biti 1 yako mawili, na tupu ni moja. Jumla saba. Una wageni wanane na gesti yenye vyumba saba. Ukisema utawafupisha wote, wawili watalala chumba kimoja, na asubuhi ukigonga mlango hujui unamwita nani. Kwenye bekapu maana yake ni kwamba faili halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo kila njia ya kubana isiyopoteza kitu hufupisha mafaili fulani kwa gharama ya kurefusha mengine kidogo. Inafanya kazi kwa sababu data za watu zina marudio mengi. Zisipokuwa nayo, mchezo umekwisha.

Draivu ya LTO hutafuta marudio hayo kwa kukumbuka baiti zilizotoka kupita. Ikiona mfululizo ambao tayari uko kwenye kumbukumbu yake, haiandiki tena, huandika "rudi nyuma kiasi fulani, nakili baiti kadhaa". Msingi wake ni mbinu waliyoichapisha Lempel na Ziv mwaka 1977. Hadi LTO-5 kumbukumbu hiyo ilikuwa kilobaiti 1 tu. LTO-6 wakaipanua hadi kilobaiti 16, na huo ndio uwezo nilioutaja juu. Fikiria faili la miamala ambalo kila mstari una tarehe ileile, neno "IMEFANIKIWA" na jina la tawi lilelile. Kilobaiti 1 inakumbuka mistari kama kumi. Kilobaiti 16 inakumbuka zaidi ya mia. Marudio yakiwa mbali kuliko hapo, kwa mfano nakala mbili za faili moja kwenye folda tofauti, draivu haina habari.

Sasa yako. Gawa data kwa makundi kisha pima kila kundi peke yake. `lz4`, programu ya kubana, ni kipimo kizuri kwa kazi hii, kwa kuwa nayo hukimbia haraka bila kuchimba sana (`tar` inayaunganisha mafaili kuwa mkondo mmoja):

`tar cf - /data/hifadhidata | lz4 -1 | wc -c`

Gawanya baiti za mwanzo kwa jibu ulilopata. Ukitumia `gzip -1` utapata matokeo yanayovutia zaidi, kwa sababu hiyo hukumbuka kilobaiti 32 na ina ujanja wa ziada ambao draivu haina. Ichukue kama dari tu.

Utakachokiona karibu kila mahali ni hiki. JPEG, MP4, MP3 na ZIP hazibaniki, zimeshabanwa na aliyezitengeneza. DOCX na XLSX ni ZIP zilizovaa kanzu, na watu husahau hilo, wanadhani "hati" ni maandishi. PDF nyingi nazo zimebanwa ndani. Vinavyobanika vizuri ni maandishi matupu, CSV, logi, na hifadhidata iliyotolewa kwa SQL. Diski za mashine pepe hutegemea ni nafasi tupu kiasi gani ndani yake.

Na usijaribu tepu kwa sufuri. Nimeona mtu akitangaza kwamba draivu yake inafikia 10:1 kwa sababu alimimina `/dev/zero`. Fanya hili kwenye kompyuta yako, litachukua sekunde chache:

`head -c 100M /dev/zero | gzip -1 | wc -c`
`head -c 100M /dev/urandom | gzip -1 | wc -c`

Ya kwanza inatoa chini ya megabaiti moja. Ya pili inatoa zaidi kidogo ya baiti 104,857,600 ulizoingiza, yaani "kubana" kumeongeza. Ule mgeni wa nane huyo.

Hatua ya 4: Jumlisha sawasawa

Kosa ninalolikuta kwa wenye uzoefu liko hapa. Tuseme una TB 10: video TB 6 (1:1), hifadhidata TB 3 (3:1) na hati TB 1 (1.5:1). Mtu huchukua uwiano wa kila kundi, anaupa uzito wa terabaiti zake, anapata wastani wa 1.65. Kisha 10 gawanya kwa 1.65 ni 6.06, tepu tatu za LTO-6 zinatosha. Inaonekana kama hesabu safi, kumbe si sahihi.

Usitafute wastani wa uwiano. Jumlisha kile kitakachokaa kwenye utepe. Video 6 zinabaki 6. Hifadhidata 3 zinakuwa 1. Hati 1 inakuwa 0.67. Jumla ni TB 7.67, yaani uwiano wa kweli ni 1.3 tu. Gawanya kwa 2.5 upate 3.07. Unahitaji tepu nne, na ile ya nne inahitajika kwa mabaki ya gigabaiti 170 tu. Kwa nambari ya kasha ungenunua mbili.

Video ndiyo inayotawala. Hata hifadhidata ingebanika 100:1, bado ungekuwa na karibu TB 6.7. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na mipangilio ya kubana, muulize mwenye video kama kweli anahitaji nakala nne za kipindi kilekile. Swali hilo limeniokolea tepu nyingi kuliko programu yoyote.

Ongeza asilimia 10 ya akiba juu ya jumla. Ukitumia LTFS, ule mfumo unaoifanya tepu ionekane kama folda, kumbuka hutenga sehemu ya utepe kwa ajili ya faharasa. Kwenye LTO-6 unabaki na takriban TB 2.4. Na kufuta faili kwenye LTFS hakurudishi nafasi hadi tepu ifomatiwe upya.

Hatua ya 5: Bana mara moja, na ubane kabla ya kusimba

Programu yako ya bekapu ikibana, draivu haitapata cha kubana tena. Hakuna madhara makubwa: draivu za LTO huona data haibaniki zikaipitisha jinsi ilivyo. Chagua sehemu moja. Kama prosesa ya seva ina nafasi, acha programu ibane, hasa kama data inapita kwenye mtandao, maana utaokoa na mtandao pia. Kama seva imechoka, iachie draivu, ambayo hubana kwa chipu yake bila kumsumbua mtu:

`mt -f /dev/nst0 compression 1`

Kwenye kusoma hakuna haja ya kuwasha chochote, draivu hutambua yenyewe.

Kusimba, yaani kuifunga data kwa ufunguo wa siri, ndiko kunakoharibu mpango. Data iliyosimbwa vizuri haitofautiki na kelele, kwa hiyo ukisimba kwenye programu kisha ukategemea draivu ibane, utapata 1:1 kwa kila kitu, pamoja na zile SQL zako za 3:1. Mpangilio sahihi ni kubana, halafu kusimba. Draivu kuanzia LTO-4 zinaweza kusimba zenyewe kwa AES ya biti 256, na zinafuata mpangilio huo huo kwa ndani. Ufunguo utunze mbali na tepu. Nadhani hilo halihitaji maelezo.

Hatua ya 6: Lisha draivu isikae na njaa

Utepe wa LTO-6 una urefu wa mita 846, na draivu huupitisha mbele na nyuma mara 136 hadi kuujaza. Inapoandika kwa kasi kamili hutaka megabaiti 160 kila sekunde. Data ikikatika, utepe hauwezi kusimama papo hapo. Unapitiliza, unarudi nyuma, unajipanga, unaanza tena. Ni kama daladala iliyopitiliza kituo: abiria mmoja anashuka, lakini dereva amekwisha kurudi nyuma mita hamsini. Ikitokea mara elfu kwa usiku, kazi ya saa nne na nusu inakwenda hadi asubuhi, na kichwa cha draivu na utepe vinalika bure.

Mbano huongeza njaa hii. Data ikibanika 2:1, draivu sasa inaweza kumeza megabaiti 320 kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti moja unapitisha kama 115 tu. Draivu hupunguza mwendo kuufuata mlisho, lakini kuna kikomo cha chini. Kwa hiyo bekapu ya moja kwa moja kutoka kwenye seva nyingine kwa waya wa gigabiti inaweza kuiacha na njaa hata LTO-6. Ilete kwanza kwenye diski ya karibu, kisha imwage kwenye tepu kupitia bafa, yaani kumbukumbu ya muda inayokusanya data kabla haijaandikwa:

`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`tar -b 512 -cf - /data | mbuffer -m 4G -P 90 -s 262144 -o /dev/nst0`

`-P 90` ina maana: usianze kuandika hadi bafa ijae asilimia 90. `-b 512` hutengeneza vipande vya kilobaiti 256, na ukubwa huo uandike mahali, utauhitaji siku ya kurejesha.

Angalia herufi "n" kwenye `nst0`. Ukiandika `/dev/st0`, tepu itajirudisha mwanzo yenyewe kila amri inapoisha, na bekapu ya pili itaandikwa juu ya ya kwanza bila kukuuliza. Niliyejifunza hilo kwa machozi si mimi peke yangu.

Mafaili madogo yaweke kwenye tar moja kubwa. Kila alama ya mwisho wa faili hulazimisha draivu kumwaga kilichomo kwenye bafa yake hata kama fungu la data inaloliandika halijajaa, na nafasi iliyobaki kwenye fungu hilo inapotea. Skripti inayoandika tar moja kwa kila folda, folda elfu themanini, itakula tepu kimyakimya.

Hatua ya 7: Muulize draivu kilichotokea

Baada ya kazi kuisha, draivu inajua uwiano halisi uliopatikana. Kwa LTO-5 na kuendelea:

`sg_logs --page=0x1b /dev/sg1`

Tafuta mstari wa uwiano wa kuandika, umezidishwa kwa 100. Ukiona 130, ni 1.3:1, kama tulivyokadiria kwenye hatua ya 4. Nafasi iliyobaki utaiona kwenye ukurasa wa `0x31`. Nambari ya `sg` inaweza kutofautiana kwako. `lsscsi -g` itakuonyesha.

Iandike nambari hiyo kila wiki. Faida yake inazidi kujua lini ununue tepu. Bekapu ambayo kwa miezi imekuwa 1.9 ikishuka ghafla hadi 1.0, kuna kitu kimebadilika: ama mtu amewasha usimbaji kwenye programu, ama ameongeza video, ama kirusi cha kudai kikombozi kimeanza kusimba mafaili ya ofisi. Usiandike juu ya tepu ya wiki iliyopita kabla hujajua ni lipi.

Tepu ikijaa kabla hata ya nambari ndogo

Hii ni kesi tofauti, na mbano hauhusiki. Draivu husoma kila inachokiandika papo hapo. Ikikuta fungu limeharibika, huliandika tena mbele kidogo, na sehemu mbovu inabaki imeliwa. Kichwa kichafu kinaweza kukula sehemu kubwa ya tepu kwa njia hiyo. Weka tepu ya kusafishia draivu inapoiomba (nyingi hutumika hadi mara 50, usizidishe), kisha jaribu tepu mpya. Ikiendelea na tepu tofauti, kichwa kimechoka. Ikitokea kwa tepu ileile kwenye draivu mbili, tepu hiyo itupe.

Ukanda wa pwani una tatizo lake. Tepu za kuhifadhi muda mrefu hupendekezewa nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Dar, Tanga au Mombasa, dirisha likiwa wazi, unyevu huo huwezi kuuota. Kabati lililo kwenye chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa wikendi ndilo kabati la tepu. Tepu ikitoka kwingine, iache ndani ya chumba cha draivu saa 24 kabla ya kuitumia. Na kama umenunua LTO-9, tepu mpya ikiingia mara ya kwanza hujipanga yenyewe kwa dakika kama 40, pengine hadi saa mbili. Usidhani imekwama ukaizima.

Lebo

Rejesha folda moja kwa kila seti, kwenye mashine nyingine, uilinganishe na ya asili kwa `sha256sum`. Kisha bandika lebo. Yangu ya mwisho imeandikwa hivi:

LTO-6 · 3 kati ya 4 · tar -b 512 · imebeba TB 3.1, utepe TB 2.38 · mbano 1.30 · imerejeshwa na kulinganishwa · ufunguo: bahasha B, kwa mhasibu